Trekta Lililokatazwa Kuzima

Jumamosi tumemzika mwenye trekta dogo jekundu la hapa kijijini Mollo, lile kuukuu ambalo wengi wenu mmezaliwa mkalikuta. Watu wakasema ni mapenzi ya Mungu. Mimi nilisimama kaburini kwa magongo, mguu wangu ukiwa bado kwenye plasta. Mungu hakushika bisibisi.

Trekta lile likizidiwa lilikuwa linazima, na miaka yote tulilicheka kwa hilo. Msimu huu yakaja matrekta makubwa, wateja wakamkimbia. Vijana wa kijiweni wakawa wanamwambia, "Shikamoo mzee. Na hilo trekta nalo tuliamkie?" Alicheka nao, lakini mimi jirani yake niliona yalivyomwingia. Asipolima mashamba ya watu, kilichobaki ni kukaa nyumbani kulishwa na wake za wanawe. Akaenda mjini kwa fundi wa pampu za dizeli. Fundi akakata lakiri, ule waya uliofungwa kiwandani pampu isichezewe, akazungusha skrubu ya kuongeza dizeli. "Sasa halizimi tena, mzee," akamwambia. Na kweli halikuzima. Lilitoa moshi mweusi, likapanda mwinuko na plau ikiwa ardhini, mwenyewe anaimba nyimbo za kanisani.

Haikupita wiki, lori la mahindi likanasa kwenye tope kule bondeni, naye akaitwa alivute. Tajiri mwenye mzigo akakataa magunia yasishushwe, eti mvua inakuja. Marehemu akainama afunge mnyororo chini, kwenye chuma cha kuvutia. Dereva wa lori akamzuia: "Huko utachimba tope tu. Funga juu, nyuma ya kiti. Kwani wewe mzee hukulima na maksai?" Hapa kwetu wote tumekulia nyuma ya maksai, na maksai huvuta kwa shingo. Tukaona kasema neno. Akafunga juu, nami nikakaa kwenye madigadi. Alipokanyaga mafuta lori halikutikisika. Trekta likainua pua kama fahali, likapinduka kinyumenyume. Mimi lilinirusha pembeni. Yeye lilimlalia.

Basi nawataja: fundi aliyekata lakiri, tajiri aliyehurumia magunia, dereva aliyefundisha trekta ung'ombe. Wote watatu walikula ugali wa msiba, wakanawa mikono.

Tulidhani kuzima kule ni unyonge. Kumbe aliyeliunda alijua mwili wake unabeba nini. Tukaliongezea nguvu, mwili ukabaki ule ule. Chombo chako kikigoma, ndugu yangu, kishukuru, shuka utazame. Injini ya zamani ingezima pale bondeni, tungemcheka, naye angeshuka.