Uzio wa Lorna Fetterolf

Lorna Fetterolf alikuwa mpishi wa shule ya mji wetu, huku Pennsylvania, mpaka alipostaafu. Mimi nakaa ng'ambo ya barabara, nikitazamana na nyumba yake.

Msimu ule wa uchaguzi kila uwanja ulikuwa na bango. Lorna aliweka la mgombea wake wa ugavana, na jirani yake, Duane Kessinger, fundi bomba, akaweka la mpinzani. Mgombea wa Duane akashinda. Watu waling'oa mabango yao, lakini Duane alileta jingine kubwa kama mlango, akalisimika mpakani likatazama dirisha la jikoni kwa Lorna. Ili lionekane vizuri, akafyeka kichaka cha maua ya zambarau alichokipanda marehemu mume wa Lorna.

Lorna akaenda kumuuliza.

"Kubali matokeo, jirani," Duane akamwambia. "Maua yataota tena. Mtu wako ndiye haoti."

Lorna alirudi ndani, akamwita mpima ardhi. Njia ya gari ya Kessinger ilipita kwenye ardhi ya Lorna. Mumewe aliwaruhusu kwa mdomo tu, kwa ujirani. Wiki haikuisha, uzio wa mbao ukakata njia ile. Duane alikimbilia kwa wakili, akaambiwa hisani haina kesi. Majira yote ya baridi akawa anaegesha barabarani na kufukua gari kwenye theluji. Lorna aliniambia kwamba akimwona anahangaika hivyo, hata kahawa humnogea.

Januari, Nadine, mke wa Duane, aliteleza kwenye barafu akishusha vyakula garini, akavunjika nyonga. Aliporudi kutoka hospitali, Lorna alimpelekea supu ya kuku Duane akiwa kazini. Nadine alimshika mkono, akamnong'oneza kwamba yeye alimpigia kura mtu wa Lorna, na Duane asijue kamwe. Kisha akamsihi afungue uzio, gari limfikishe mlangoni. Lorna akasema atafikiri.

Bado alikuwa akifikiri Jumamosi moja Duane alipoanza kurusha theluji kwa koleo juu ya uzio, ikamwangukia Lorna barazani kwake. Nilikuwa nje, nikasikia yote.

"Miaka minne ya gavana wangu hiyo, Lorna. Zoea tu."

Lorna alijipangusa mabega, akasogea hadi kwenye uzio. "Zoea wewe. Kamuulize mkeo alimpigia nani."

Duane akachomeka koleo kwenye theluji. Halafu akaingia ndani. Hatukusikia ugomvi, wala sauti yoyote. Kesho yake akaling'oa lile bango.

Lorna alikuja kwangu kunywa kahawa na kunihadithia siri aliyonong'onezwa na Nadine, uso unamng'aa. Nikamuuliza, na Nadine je?

"Nadine atapona," akasema, akitazama kikombe chake.

Uzio hakuufungua. Pasaka Nadine alikuja kanisani na fimbo, peke yake, akakaa mbele yetu. Wakati wa kupeana amani aligeuka. Lorna alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Nadine akaupita, akashika wangu, akanitakia amani, akageukia madhabahu.

Lorna alirudisha mkono wake, akanyoosha sketi. Wimbo uliofuata aliuimba kwa sauti kubwa kuliko sisi sote.