Nambari Tasa ya Kaka Yake

Katika shule moja ya Nyakuron ninakofundisha hisabati, meza yangu inapakana na ya mwalimu wa Kiingereza, mwanamke wa hapa Juba aliyekulia Eldoret. Kaka yake alipotea wakati wa vita. Kila mapumziko ya chai alikuwa akimpigia simu. Sauti ya mashine ilimjibu kwamba nambari haipatikani, naye aliisikiliza mpaka mwisho.

Siku moja alinikuta nikisahihisha madaftari.

"Mwalimu, nambari tasa ni nini?"

"Ni ile isiyogawika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kama saba."

"Haizai?"

"Ni jina tu, dada."

Akanisogezea simu. "Na hii?"

Ilikuwa nambari ya kaka yake. Alitoweka bila mke wala mtoto, na kwao mwanamume haachwi hivyo: nduguye huoa kwa niaba yake, na watoto huitwa wa marehemu. Baba zake wadogo walikwisha kumpata msichana. Walingoja neno lake yeye, dada wa tumbo moja. Kukubali kulikuwa kumzika.

Nikaanza. Iliishia na tatu, kwa hiyo mbili na tano hazikuingia. Nikajumlisha tarakimu zake. Jumla haikugawika kwa tatu. Nikajaribu saba, kumi na moja, kumi na tatu. Kila mara kulibaki kitu. Nyumbani Malakia, nikipiga pasi, nilijikuta nagawanya tena, na masalio yale yalinikaa kichwani kama mtu anayesimama mlangoni asibishe hodi. Mwishowe nikaipa kompyuta ya shule.

"Ni tasa," nilimwambia. Kisha nikaongeza haraka, "Lakini nambari nyingine zote huundwa kwa kuzidisha hizi tasa. Bila hizo hakuna kumi, hakuna mia."

"Usinifariji kwa hesabu, mwalimu."

Wiki chache baadaye alikuja amevimba macho.

"Jana iliita," alisema. "Mwanamke akapokea. Alinunua laini sokoni Konyo Konyo, hamjui mwenyewe wa kwanza."

"Ukamwambia nini?"

"Kwamba nimekosea nambari. Akaniambia *malesh*, pole, kama vile kosa ni lake."

Jioni ile aliwapa wazee neno lake. Ng'ombe walitolewa, msichana akaolewa, na mwaka uliofuata alizaliwa mvulana. Mwalimu mwenzangu, sasa shangazi yake, alimleta shuleni, mtoto mnene aliyemshika kola kwa nguvu. Nikauliza anafanana na nani.

"Na mama yake," alinijibu, akacheka kidogo, akatazama pembeni.

Hapigi tena. Mimi ndiye ninayeamka na tarakimu zile mdomoni, moja baada ya nyingine, za mtu ambaye hata picha yake sijaiona.