Spika Imekula Bajeti ya Mzani

Jamani, mume wangu nampenda, lakini leo kanikasirisha!

Tangu harusi tumejibana ili tununue mzani wa kidijitali kwa biashara yetu ya kununua alizeti hapa Shelui. Ule wa zamani wakulima hawauamini, wanatukimbia.

Leo kaenda Singida mjini kuufuata.

Karudi na spika!

"Mke wangu, teknolojia ni matangazo," ananiambia, na lile tabasamu lililonifanya nikubali posa.

Akaiwasha. Sauti yake tamu ikajaa barabarani: "Njooni kwa mke wangu mrembo, tunapima kwa mzani wa kisasa!"

Mzani upi, baba?

Watu wakaja na magunia. Mzee mmoja akauliza, "Binti, mzani wenyewe uko wapi?"

"Shikamoo babu. Muulize huyo mwenye spika."

Kesho anairudisha dukani, alete mzani. Lakini ile "mke wangu mrembo" nimeirekodi kwenye simu, nibaki nayo.

Nimsamehe leo leo, au asubiri hadi mzani ufike?