Nyota Ndani ya Trela

Pale karakanani walimwita Mkono wa Ndani. Mumewe, fundi wa trela, alikaza bolti kwa nje. Yeye alijifungia ndani ya bodi ya trela na spana yake, akizishika nati zisizunguke. Hawakuonana, waligongeana tu. Gonga moja, shika. Gonga mbili, achia.

Siku hiyo walifunga trela mpya, naye alikuwa na hofu. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, ndiye aliyeendesha trela ya mwanzo, iliyofungwa shiti za aluminiamu, yaani mabati yake, kwa ribiti, vipini vya kugongwa visivyo na nati. Barabara mbovu ilizilegeza, upepo ukabandua shiti moja, nusura trela iingie mtaroni. Alitoka hai kwa rehema za Mungu tu.

"Shemeji, safari hii mnifunge na mimi, nisibanduke," alitania, ameegemea tairi.

"Wewe tutakuchomelea mdomo," alijibu Mkono wa Ndani.

Karakana nzima ikacheka. Fundi hakucheka. Alimwaga ribiti na bolti mezani, akazigeuzageuza kama mkulima achaguaye mbegu.

"Mama watoto, fremu hii hujipinda njiani, na ribiti hizi hazivumilii kupindwa. Tutie bolti. Washa pana chini ya kila nati, zisichane shiti. Nati zenye plastiki ndani, zisifunguke kwa mtikisiko." Kati ya aluminiamu na chuma akatandika ukanda wa mpira. "Hawa wawili wakilowa pamoja, wanalana."

"Kama mawifi nyumba moja," shemeji akadakia.

Mama watoto akaingia ndani ya bodi, mlango ukafungwa. Drili ilipoanza kutoboa, akainua macho, akaduwaa. Miaka yote alitazama nati tu. Sasa mwanga uliingia gizani tundu kwa tundu, mpaka bodi nzima ikawa mbingu ya usiku.

"Ee Mungu," alinong'ona, "kumbe hata humu umeweka nyota."

Kila bolti iliyopenya ilizima nyota moja, naye kila alipobana nati alimwombea shemeji yake.

Trela ikapita njia ileile mbovu. Iliporudi, vumbi tupu, shemeji akashuka anajikokota kwa uchovu, lakini mzima. Mama alimshukuru Mungu, lakini moyo haukutulia. Kesho si angeondoka tena? Akapanda, akajifungia. Bolti iliyolegea ingeachia mwanga upenye tunduni.

Akasubiri macho yazoee. Akatazama juu, ubavuni, pembeni. Giza. Giza totoro, wala nyota moja.

Nje akasikia gonga. "Shemeji! Umelala humo?"

 Alikuwa amekwishapiga magoti, akimshukuru Mungu.