Riwaya Aliyoijua Bibi Peke Yake

Riwaya ile niliinunua Singida mjini, wiki ambayo duka la vitabu lilikuwa likiondolewa ili pawe duka la redio. Nilikuwa nimemaliza chuo, serikali imeacha kutupangia kazi, nikarudi kwa bibi yangu karibu na Shelui. Riwaya yenyewe inahusu kikongwe anayefungia upepo kwenye vibuyu, mpaka nchi nzima inashindwa kupepeta nafaka na watu wanakula makapi. Imeandikwa kwa sauti ya chini, kama mtu anayekuambia usigeuke nyuma. Sijakutana na mwingine aliyeisoma.

Nilimsomea bibi mchana akichambua mbegu za alizeti. Hakujua kusoma, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni.

"Mume wangu," alisema, maana ndivyo mabibi wa kwetu wanavyowatania wajukuu wao, "huyo mwanamke ana akili kuliko wanaume wote wa humo kitabuni. Endelea."

Hatari ilianzia mtoni, wanawake walipokuwa wakisubiri maji yajae kwenye mashimo ya mchanga. Bibi akawasimulia. Alivimbisha mashavu, akaziba mdomo wa kibuyu kwa kiganja, akacheka kicheko cha yule kikongwe, nao wakacheka. Lakini kwetu ngano ni zilezile. Kila mtu alizisikia utotoni, na ukikosea mahali watoto wanakusahihisha. Ngano ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuisikia si ngano. Ni jambo lililokupata, au ulilolifanya. Na mwaka huo mvua ilikuwa imekatika mtama ukiwa bado magotini.

Salamu zikapungua. Nilisema shikamoo, nikajibiwa kwa kikohozi. Nilijiambia nawaza kupita kiasi, kama kawaida yangu. Kisha alasiri moja wakaja walinzi wa kijiji na mishale yao, kamanda wao mbele.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Ile habari ya vibuyu. Uliitoa wapi?"

"Kitabuni. Muulize mume wangu huyu."

Hakuna aliyecheka. Kamanda akanigeukia. "Nani mwingine anaijua?"

Niliwapitia wote kichwani: mwalimu, katekista, mwenye duka. Hakuna. Msomaji mmoja tu angetosha.

"Anayefunga upepo," mtu akasema nyuma, "mvua itamshinda?"

"Kilete hicho kitabu," kamanda akaamuru. "Tusomee alivyofanywa huyo mwanamke."

Sura hiyo niliijua. Mwandishi ameiandika vizuri mno: nani alileta kuni, nani alishikilia mlango. Nikiiruka, watasema nimeficha. Nikiisoma, nitakuwa nimewafundisha. Nilisimama na kitabu wazi hadi bibi akasema, "Soma, usinionee huruma."

Nikasoma. Nyumba iliungua. Vibuyu vilipasuka kimoja kimoja, na ndani hamkuwa na kitu. Upepo haukurudi.

"Rudia hapo," kamanda akasema.

Nikarudia.

"Haukurudi kabisa?"

"Haukurudi."

Walitazamana. Kamanda akanyoosha mkono, akakichukua kitabu. "Nitamalizia mwenyewe," akasema. "Ndipo tutaamua." Akaondoka akifuata mistari kwa kidole, wenzake nyuma yake.

Asubuhi nilimpakia bibi kwenye lori la vitunguu mpaka Utemini, Singida mjini, kwa mjomba. Njia nzima alilalamika kwamba hajui mwisho wa hadithi, nami sikumwambia. Katika sura ya mwisho wachomaji hawajuti. Wanasema walikosea nyumba, na wanakwenda ya pili.

Kitabu hicho hakifai kusomwa na mtu mmoja. Kingesomwa na kijiji kizima, yupo ambaye angeuliza nyumba ya pili ni ya nani, na ya tatu. Bibi yangu nilimtoa. Vikongwe wengine walibaki wakichota maji mtoni, na kamanda alikuwa akisoma taratibu.