Ziwa la Kwao Mama

Juzi mjukuu wangu alinionyesha picha za fukwe kwenye simu: Moanda, Kivu, Tanganyika. "Kambo," akaniita, kama tunavyowaita bibi kwetu, "tuende wapi kwa vakansi, shule zikifungwa?" Hasira ya zamani ikanipanda.

Mama yangu alikuwa akifua na kupiga pasi kwa Wazungu, mjini Élisabethville, enzi za ukoloni. Mchana mmoja baraza lilinuka mkaa wa pasi na sabuni, na Bwana na Madame walikuwa wakibishania fukwe hizo hizo. Madame akamgeukia mama.

"Kwenu, ku ziwa Tanganyika, iko muzuri?"

"Muzuri sana, Madame. Maji iko safi, muchanga iko laini. Mama yangu angali kule."

"Basi, tutaenda kwenu."

Nilidhani na sisi tunakwenda. Nilikimbia kukunja gauni langu, nikamwone bibi ambaye sikuwahi kumwona. Niliporudi, mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Weye bakia," Madame alikuwa akimwambia. "Chunga nyumba na imbwa."

Walirudi na ngozi nyekundu, wakicheka. Mama alifua nguo zao za kuogelea, na mchanga wa kwao mama ukabaki chini ya beseni. Nikainama niuchote.

"Acha!" mama alifoka. Akaumwaga uani, akarudi kwenye pasi yake.