Maji Yasiyo na Ng'ambo

Muuguzi wa macho alizungumza na mimi, hakuzungumza na dada yangu, kana kwamba na masikio yake yalikuwa yameharibika. Alisema jicho la kushoto limekwisha, la kulia limebakiza kidogo, na hicho kidogo hakuna dawa ya kukizuia kisiondoke. Ni upofu wa mtoni, alisema, ule unaoletwa na usubi wanaouma watu penye maji ya kasi. Tulipotoka nje, kwenye jua la Kasongo lisilo na huruma, nilingoja alie. Hakulia. Aliniuliza njia ya ndege:

"Mudogo wangu, wewe ni mwalimu wa jografia. Ndeke ya kwenda Unguja inapita wapi?"

Mimi humwita Yaya, kama kwetu tunavyomwita aliyetutangulia tumboni. Mama alipofariki nilikuwa bado sijui kufunga viatu, na Yaya ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa samaki. Aliwanunua wakavu Nyangwe, akawapandisha kwenye pikipiki hadi Salamabila, akawauzia wachimba dhahabu, akarudi na vumbi kichwani na karo yangu kiunoni. Maisha yake yote yamekuwa kandokando ya Lualaba. Anaujua mto, na mto una ng'ambo: kila alipoinua macho kulikuwa na miti upande wa pili. Bibi yetu, ambaye naye hakuwahi kufika popote, alizoea kutusimulia kwamba babu wa babu yake alitoka Unguja, ambako maji hayana ng'ambo. Yaya alitaka kuyaona hayo kabla giza halijafunga. Visiwa vitatu, jua, maji yasiyo na ng'ambo, halafu turudi nyumbani.

Sikuwa na moyo wa kukataa wala sababu ya kuamini. Nilikubali, na tangu siku ile nilijua kwamba tunashindana na jicho moja, na kwamba jicho litashinda.

Kwetu mtu hapandi ndege bure. Hupanda mgonjwa, hupanda aliyefiwa, hupanda anayekwenda kuhiji, hupanda mtu wa mikutano mwenye kitambulisho kifuani. Kwenda mahali ukae juani utazame maji, kisha urudi, ni jambo lisilo na jina. Wanafunzi wangu wana likizo, ndiyo, lakini katika likizo wanalima. Nilimwomba Yaya tuifanye siri. Nilisahau kwamba naongea na mchuuzi wa samaki. Kufika Ijumaa mtaa mzima ulikuwa na habari.

Nilidhani watatucheka. Walileta mizigo. Desturi ni desturi: anayesafiri ni mkono wa wote, na kukataa kubeba ni kutukana. Mmoja aliagiza udi, mwingine tende, mwingine karafuu za jino. Shangazi yetu alileta mfuko wa mchele kwa ajili ya ndugu zetu wa Unguja, ambao hatujui majina yao wala kama wapo. Nilipomwambia kwamba ndege ndogo hupima hata abiria mwenyewe, alinitazama kwa huruma akasema, "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, mwanangu." Nundu yenyewe ilikuwa imeshajaza chumba changu cha kulala. Jirani mmoja mzee alikuja kumwombea Yaya dua ndefu, akaimalizia kwa maneno aliyoyazoea, "Kuishi kwingi ni kuona mengi." Nilitamani ardhi inimeze. Yaya aliitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Kila baada ya sala ya alasiri tulikaa barazani na kupanga. Nilichora visiwa kwenye karatasi kubwa ya shule kwa kalamu nene, ili jicho lake lipate kuvishika: Unguja, Pemba, Mafia. Yeye alitaka tuanze na Mafia kwa sababu ni kidogo, na mtu mwenye adabu huanza na sahani ndogo. Mimi nilisema ndege haziendi kwa adabu. Tulibishana siku tatu nzima, na nakiri kwamba nilikuwa na raha, raha ya kijinga ya mtu anayepaka rangi nyumba inayoungua.

Njia yenyewe ilikuwa kichekesho. Goma na Bukavu ziko upande wetu wa mashariki, lakini vita vilikuwa vimezifunga zote mbili. Basi ili twende mashariki ilitupasa kwanza twende magharibi: Kasongo hadi Kindu, Kindu hadi Kinshasa, kisha turudi juu kwa juu, tukate bara lote hadi Dar es Salaam, na hapo ndipo tupande vindege vya kuruka kisiwa hadi kisiwa.

"Kumbe tutapita juu ya Kasongo bila kushuka?" Yaya aliuliza.

"Labda."

"Basi uambie majirani watupungie mikono."

Pasipoti tulizifuata Kindu, siku mbili kwa pikipiki katika matope, yeye katikati, mimi nyuma nikimshika asianguke. Karani alikuwa na fomu yenye mstari wa sababu ya safari. Yaya alisema, "Kutembea." Karani akauliza kama ni matibabu. "Hapana, baba. Kutembea." Akauliza kama kuna msiba. Akauliza kama ni biashara. Yaya akamwambia, "Andika tu kama mama huyu iko anaenda kuangalia maji," na karani akaandika biashara. Kisha akampa kalamu. Yaya aliinama, akajikaza, akatia sahihi yake yote juu ya meza. Karani aliifuta kwa kiganja, akausogeza ukurasa chini ya kalamu. Kwa wema wake huo nilimchukia.

Halafu ikaanza kazi ya kungoja, na katika kungoja sisi watu wa Maniema hatuna mpinzani. Pasipoti zilichelewa. Zilipokuja, mvua ilikuwa imeshaulowesha uwanja wetu wa ndege. Uwanja ulipokauka, injini ilikuwa mbovu. Injini ilipopona, ndege ikakodiwa kupeleka mizigo kwingine. Kila tulipoahirishiwa Yaya alisema, "Ya Mungu mengi," na mimi nikasema maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyasema. Nilikuwa nikimwangalia lile jicho kama mtu anavyoangalia mafuta kwenye taa. Baadaye akaacha kuniomba nimsogezee karatasi. Alisema ameshaikariri. Alikuwa akiweka kidole pale nilipokiongoza na kusema, "Hapa ndipo tutakapolala," na mimi nikajiambia kwamba afadhali, moyo wake umetulia. Mjinga hana alama usoni, ndiyo maana hamkunitambua.

Ndege ilikuja Jumanne moja. Walifukuza mbuzi uwanjani, ikatua katika vumbi jekundu, ikazima injini, na watu wakaanza kusukumana kuelekea mizani. Yaya alikuwa amekaa juu ya begi letu, amevaa kitenge kipya. Nilimwambia tuinuke. Hakuinuka.

"Mudogo wangu," alisema, "mimi sioni tena. Tangu mwezi wa Ramadhani."

Ramadhani ilikuwa imepita miezi miwili nyuma. Miezi miwili mizima alikuwa ameinamia visiwa vyangu gizani.

"Juu ya nini hukuniambia?" niliuliza sababu.

"Ulikuwa na furaha. Furaha ya mutu haivunjwi ovyo."

Nilipiga magoti mbele yake, watu wakitazama. Nilimwambia twende hivyo hivyo. Atasikia mawimbi. Atagusa maji. Jua atalisikia usoni, la kule ni jingine. Nilisema mengi, kwa haraka, kama mchuuzi ambaye samaki wake wameanza kunuka.

"Maji ya kusikia iko hapa," alisema. "Lualaba iko. Jua pia iko. Mimi nilitaka kuona."

Nafasi zetu walipewa mchimba dhahabu wa Salamabila aliyevunjika mguu, pamoja na kaka yake. Ndege iliondoka. Yaya aliinua uso akaifuata kwa sikio hadi sauti ikaisha, kisha akabaki ameuinua vile vile. Wapagazi walikwenda zao, mbuzi wakarudi, sisi tukabaki tumekaa juani pamoja na mchele wa shangazi.

Hapo ndipo nilipomwambia neno nililolificha, na ambalo msomaji naye nimemficha kwa sababu ya aibu. Zamani nilipokuwa nafundisha shule ya msingi Nyangwe, wanakijiji walinichagua niwe mgawaji wa vidonge vya kuzuia ugonjwa huu. Mara moja kwa mwaka nilipita nyumba kwa nyumba na fimbo yenye alama. Unamsimamisha mtu kando yake, na urefu wake unakuambia umpe vidonge vingapi. Sharti kubwa lilikuwa moja: ameze mbele ya macho yako. Na nilikuwa mkali. Meza, fungua kinywa, inua ulimi. Hata imamu alifungua kinywa.

Yaya vidonge vilimwasha mwili na kumvimbisha uso mwaka wa kwanza, na samaki hawamngojei aliyevimba. Mwaka uliofuata alivipokea mkononi mwangu, akavifunga kwenye ncha ya kitenge, akasema atavimeza akirudi kutoka Salamabila. Nilijua hatavimeza. Lakini yule ni Yaya. Alinitia uji mdomoni kwa kidole chake. Kwetu humwambii mtu kama huyo afungue kinywa umkague, hata kama umetumwa na serikali na dunia nzima. Basi nikaweka alama kwenye daftari kwamba amemeza. Mwaka ule, na uliofuata, na mingine yote hadi tulipohamia Kasongo. Alama nzuri, iliyonyooka, ya mwalimu. Niliiita heshima. Ulikuwa woga, nami niliweza kutofautisha.

Nilimwambia yote haya nikitazama chini.

"Hukumeza, Yaya, na mimi nilijua. Niliandika umemeza."

"Najua," alisema. "Nilikuona ukiandika. Macho yangu yalikuwa mazuri wakati ule."

Hakulisema kwa hasira. Heri angelisema kwa hasira. Akanyoosha mkono anishike, upande ambao sikuwapo. Nikainuka, nikazunguka, nikaenda kukaa upande ule.